Wimbo Ulioishia Bondeni

Jumatatu, 12 Agosti 1974. Masasi

Uji, vidonge viwili, gitaa. Utaratibu ule ule. Miguu imevimba, viatu haviingii, nimepiga gitaa nikiwa na kandambili. Waya wa tatu unalegea kila baada ya nyimbo mbili. Naukaza, unalegea. Tumezeeka pamoja.

Wimbo wa nne umekaa vizuri leo, ule wa reli iliyong'olewa. Mama Fidea, mke wangu, anatikisa kopo la maziwa alilotia korosho mbichi ndani. Anakwenda mbele ya mdundo. Nikimwambia, anasema mdundo ndio uliochelewa.

Wiki ya tisa tangu niache bendi. Korosho Jazz niliianzisha mwenyewe mwaka wa Uhuru, na watu wanne na ngoma moja. Sasa vijana wanataka roki. Nywele kichaka, suruali zinafagia ukumbi, gitaa linalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nimemwambia kila mtu kwamba niliondoka kwa sababu ya kelele.

Uongo. Kelele naipenda.

Jumatano, 14 Agosti

Barua imefika! Ndugu Kileo, fundi mitambo wa redio, anasema gari la kurekodia litakuwa Masasi Alhamisi tarehe 5 Septemba. Siku moja tu. Nyimbo nane, santuri kubwa, jina langu juu yake. Mwalimu Hilari na gitaa lake. Santuri yangu ya kwanza, nami nina miaka sabini na moja. Nimeisoma barua mara tatu, ya tatu kwa sauti. Kuku wamekimbia.

Kisha nimeona mstari wa mwisho. Lazima "Tunashuka" iwemo. Bila wimbo huo wakubwa zake hawatakubali santuri. Nchi nzima inaujua, anasema, na nchi nzima inajua ni wangu.

Nimeikunja barua.

Mwezi uliopita nilimwuliza daktari kama nitaziona korosho za mwaka huu. Akatazama dirishani, akasema tujitahidi. Moyo umechoka. Nilimpenda kwa kutonidanganya sana.

Alhamisi, 15 Agosti

Niandike sasa, mkono ungali unatii. "Tunashuka" sikuutunga mimi.

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa nafundisha Mkunya, kwenye uwanda wa juu, upande wa Newala. Kule juu hakukuwa na maji. Alfajiri wanawake waliteremka genge mpaka bondeni, madebe mikononi, na njia yao ilipita nyuma ya nyumba ya mwalimu. Aliyetangulia alikuwa Bi Somoe. Aliimba, wenzake wakajibu, wote wakagonga madebe matupu kwa vifundo vya vidole. Wimbo wa kasi, wa mguu unaoteremka. Nilikaa dirishani asubuhi tatu nikauandika kwa do-re-mi nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu. Nikatoa maneno ya genge na maji, nikatia bendera ya mkoloni inayoshuka. Nikaweka gitaa.

Siku ya Uhuru tuliupiga Newala, uwanja ukatimka vumbi. Nikapewa cheti: Mtunzi. Bi Somoe alikuwepo. Nilimwona, kiganja mdomoni, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nikajiambia amefurahi. Nikakishika cheti kwa mikono miwili.

Miaka kumi na mitatu nimejitetea hivi: yeye Mmakonde, mimi Mmakua, sisi watani. Mtani anachukua kuku wa mtani wake mchana kweupe na hakuna kesi. Kweli. Lakini anamchukua huku anapiga kelele, "Nimemchukua!" Hapo ndipo utani ulipo. Mimi nilichukua kimya. Huo ni wizi, na hakuna jina jingine.

Kila onyesho mwimbaji alitangaza jina langu, nikainuka kuinamia watu. Ndiyo sababu niliondoka. Sikuweza kuinama tena.

Kitu kimoja sijawahi kukielewa. Kote tulikopiga, wimbo ukiisha watu walishangilia. Mkunya peke yake walicheka.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani nimekaa nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya hewa. Nilipotoka Saidi alikuwa ananingoja. Nilimfundisha kusoma, sasa ndiye kiongozi wa Korosho Jazz.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nywele hizo zinaota au zinashonwa?"

Hakucheka. Amesikia habari za santuri. Anasema nimeondoka na gitaa langu, sawa, lakini "Tunashuka" ni wimbo wa bendi, niwaachie. Anasema vijana wamelala na njaa kwa ajili ya wimbo ule. Ni kweli, wamelala.

Hapo ndipo ningesema. Nikasema nitaona. Mwoga wa miaka sabini na moja.

Jumanne, 20 Agosti

Nimemwambia Mama Fidea. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Kile cheti nimekifuta vumbi kila Jumamosi," akasema. "Miaka kumi na mitatu."

Amekasirikia vumbi kuliko wizi. Hakunisemesha mpaka mbaazi zimechemka. Kisha akasema niende Mkunya nikamwombe mwenyewe.

"Na akikataa?"

"Utakufa bila santuri. Watu wengi wamekufa bila santuri."

Nampenda mwanamke huyu. Leo sikumwambia.

Ijumaa, 23 Agosti. Newala

Lori la mihogo. Mama Fidea alimwamuru dereva aniweke mbele na asiendeshe kama mwehu. Kwenye mlima wa Newala injini ilikoroma, nami nikakoroma. Dereva akauliza tupumzike kwa ajili ya nani, lori au mzee? Nikasema yeyote atakayeomba kwanza. Lori liliomba.

Juu baridi. Nimefikia kwa mpwa wangu. Jioni nikatembea taratibu mpaka ukingoni, panapoonekana bonde la Ruvuma. Mwaka jana tulipokuja kupiga hapa tulisikia ndege na milipuko ng'ambo, tukaongeza sauti za magitaa. Leo kimya. Watu wamesimama wanatazama Msumbiji kama wanaomngoja mtu wa posta. Wengine wana ndugu kule.

Sikupata usingizi. Nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, aya tatu. Nimeikariri.

Jumamosi, 24 Agosti. Mkunya

Mkunya sikuitambua. Kijiji cha ujamaa sasa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, na katikati kuna bomba. Maji yanatoka juu! Nilisimama nikalitazama kama mtoto.

Bi Somoe alikuwa kwenye kivuli cha nyumba yake anamenya mihogo. Chale za usoni zimezama kwenye mikunjo. Macho yale yale.

"Mmakua! Hujafa?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini?"

Nikaanza hotuba. Pumzi iliniishia aya ya pili. Alinisubiri niheme, akanipa kigoda, akaendelea kumenya.

"Hayo ndiyo uliyotoka nayo Masasi?" akasema. "Mwalimu, Mkunya nzima inajua. Mbona tunacheka?"

Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka kujua.

Akaweka kisu chini. Wimbo ule, akasema, una kwenda na kurudi. Nilioandika dirishani ni wa kuteremka, madebe matupu. Kuna wa kupanda, madebe yamejaa. Sikuwahi kuusikia kwa sababu waliporudi jua limepanda, mimi nilikuwa darasani napayuka saba mara nane. Nimechukua nusu nikadhani nzima. Kila bendi ilipopiga ile noti ya mwisho na mimi nikainuka kuinama, Mkunya waliulizana, "Na hawa wanawake aliowaacha bondeni, nani atawapandisha?"

Miaka kumi na mitatu nchi nzima inateremka genge la Mkunya na hakuna aliyerudi na maji.

"Uliiba debe tupu, Mwalimu," akasema. "Lililojaa ninalo mimi."

Nimecheka mpaka nikakohoa, na yeye mpaka akashika mbavu. Majirani wakaja. Akawasimulia kwa Kimakonde, wakacheka upya. Sijapata kuaibika kwa furaha namna ile.

Kisha akawa mtulivu. Tangu bomba lije hakuna anayeteremka, na hilo ni jema, shingo yake inashukuru. Lakini wasichana hawaujui wa kupanda. Wanaoujua wamebaki wawili, na mwenzake hasikii tena. Nikamwomba aniimbie. Akakataa. Hauimbiki mtu amekaa, akasema, wala kichwa kikiwa kitupu.

Amekubali. Atakuja Masasi kwa lori la Jumatano, siku moja kabla ya kurekodi, ataimba mwenyewe, na jina liwe lake. Nami niseme hadharani, mbele ya kile chombo cha redio, nilichofanya. Nisiposema?

"Nitakuja msibani kwako. Nitaingia kaburini nilale, na sitoki mpaka wapige wimbo wote, mpaka juu. Maiti yako mkeo aiweke jikoni."

Atafanya kweli. Ni haki yake, ndiye mtani.

Jumatatu, 26 Agosti. Masasi

Safari imenilipiza. Nimeegemea mito mitatu, nikilala chali pumzi inazama. Daktari kaja nyumbani, kaniambia nisiinuke. Nikamwambia mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akasema yeye huucheza wimbo ule, tena anaucheza vizuri.

Naogopa. Kufa siogopi sana, nimekwisha kufikiria. Naogopa kufa kabla ya tarehe tano.

Nje kopo la korosho linatikisika. Anafanya mazoezi peke yake. Bado yuko mbele ya mdundo, hata ambapo mdundo haupo.

Alhamisi, 29 Agosti

Nilimwita Saidi, nikamwambia yote. Alikaa pembeni ya kitanda na ile suruali yake pana. Kisha akasimama.

"Tutaitwa bendi ya wezi."

Nikasema mwizi ni mmoja, wengine hawakujua.

"Nani atatuamini, Mwalimu? Umetufundisha wewe!"

Akatoka bila kuaga. Hajawahi kuondoka kwangu bila kuaga, tangu ana meno ya utoto. Limeniuma kuliko miguu.

Jaribio la sauti jioni: maneno manne, pumzi imekwisha. Mengine manne, imekwisha. Wimbo wa reli una mistari mirefu kama reli yenyewe. Niliutunga nikiwa na mapafu mawili.

Jumapili, 1 Septemba

Nimeshinda kitandani. Mbuzi wa jirani amekula karatasi ya wimbo wa sita, maneno na do-re-mi. Sikumbuki hata ulianzaje. Nyimbo zimebaki saba. Mama Fidea anasema mbuzi ana masikio ya muziki.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekaa kitini saa nzima. Nimepiga gitaa bila kuimba. Vidole ni vizima, ni hivyo tu vilivyobaki.

Na Bi Somoe asipokuja? Hakuna simu Mkunya. Nimeamua: asipokuja, nitasema hivyo hivyo, na sitaupiga wimbo. Santuri ife. Mama Fidea kakubali kwa kichwa. Nimeona macho yake, alikuwa ameitaka santuri hiyo kuliko mimi.

Jumatano, 4 Septemba

Amekuja! Ameshuka kwenye lori na debe lake mwenyewe, kuukuu, mdomo umekunjwa kwa nyundo, limefungwa kwenye kanga kama mtoto.

Nikamwuliza kwani Masasi hatuna madebe. Nikamwambia Wamakonde ni watu wa ajabu, wamepanda mlima mzima, wamejenga, wamezaa, ndipo wakakumbuka kwamba maji wameyaacha chini.

"Nyie mmezaliwa kando ya maji," akajibu, "na bado hamwogi."

Mama Fidea ni Mmakua pia, lakini alicheka kwa upande wa adui. Tangu chakula cha mchana wako uani wananisengenya. Nasikia jina langu, kisha kicheko, kisha ungo unapepeta. Sijalala vizuri hivi mwezi mzima.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Ukumbi wa shule, saa mbili asubuhi. Ndugu Kileo ni kijana mpole wa Kilimanjaro, vyombo masikioni, anasema "naomba" kabla ya kila kitu. Nimepiga nikiwa nimekaa. Mpaka saa sita nyimbo sita zilikuwa kwenye utepe. Wa reli nimeuimba nusu nusu, pumzi inasikika katikati ya maneno. Nilimwomba radhi. Akasema inasikika kama treni.

Ukabaki mmoja.

Mlango ukafunguliwa. Saidi, na mpiga besi, na mpiga ngoma. Nywele wamezichana. Saidi aliniamkia, mimi kwanza, kisha Mama Fidea, kisha akageuka kwa Bi Somoe akainama kabisa.

"Shikamoo, Bibi. Tumekuja kushuka. Kupanda hatujui."

"Marahaba. Mtajua."

Nikamwomba Ndugu Kileo awashe utepe. Nikasema. Hotuba ya aya tatu iliachwa nyumbani. Nilisema: mimi Hilari, mwalimu, wimbo mnaouita wangu niliuchukua kwa Bi Somoe wa Mkunya, nikiwa dirishani, bila kumwomba wala kumwambia. Cheti nilichopewa ni chake. Vijana wa bendi hawakujua. Naomba radhi. Basi, pumzi mbili.

Ndugu Kileo alisimamisha utepe akaniuliza kwa sauti ya chini kama niyafute. Nikasema ayaache mwanzoni mwa wimbo. Saidi alikuwa anatazama sakafu. Mpiga besi alikuwa analia, mjinga yule, akatulazimisha kungoja.

Kisha Bi Somoe akadai debe lake lijazwe maji.

"Mama, maji yatasikika kwenye utepe," Ndugu Kileo akasema.

"Ndiyo wimbo wenyewe, mwanangu."

Halafu akaukataa ukumbi. Sakafu imelala, atapandaje? Nyuma ya shule kuna mwamba, mawe ya Masasi yale, unaopandika kwa miguu. Tukahamia huko wote, mimi nimebebwa juu ya kiti changu, Saidi mguu huu, mpiga ngoma mguu ule. Ndugu Kileo akapitisha waya dirishani, akauvuta mpaka ukaisha. Ukafika nusu ya mwamba. Akasimamisha kipaza sauti hapo, akasema naomba usipite hapa, Mama. Bi Somoe akasema amesikia.

Tukapiga wa kushuka. Vijana waliupiga kwa roki yao, kasi, kelele, na Bi Somoe akaugonga upande wa debe kwa vifundo vya vidole, na maneno yalikuwa ya maji na genge, wala si ya bendera. Haujawahi kuwa mtamu vile. Ikaja noti ya mwisho. Hapo ndipo siku zote nilikuwa nainuka.

Saidi akanitazama.

Bi Somoe akajitwika debe, maji yakagonga bati, akaanza kupanda. Mvumo wa puani, hatua, neno moja. Mvumo, hatua, neno. Polepole. Hakuna mstari mrefu popote, mtu mwenye debe kichwani mlimani hana pumzi ya mstari. Anachukua neno moja, analifikisha, anarudi kuchukua jingine.

Nikafungua mdomo nikamfuata. Nikaweza! Mvumo, pumzi, neno. Niliweza kila neno. Wimbo umetungwa kwa watu wasio na pumzi. Mwezi mzima nimeomboleza mapafu yangu na huu ulikuwa unanisubiri Mkunya. Vidole vikapata mahali pake. Mama Fidea akatikisa kopo sawasawa na mdundo, mara ya kwanza tangu nimwoe.

Bi Somoe alikifikia kipaza sauti. Akakipita. Ndugu Kileo akapunga mikono, naye akaendelea, sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, mvumo na maji tu. Juu kabisa akatua debe. Tukasikia lilivyogusa jiwe. Kisha akapaza sauti kutoka kule:

"Mmakua! Umefika?"

"Nimefika," nikasema.

Lipo kwenye utepe. Ndugu Kileo alitaka kurudia, sauti imepotea mwishoni, alisema. Nikamwambia haijapotea, imefika juu. Alifikiri kidogo, akavua vyombo masikioni. Akaandika kwenye boksi la utepe kwa wino: Umetungwa na Somoe wa Mkunya. Aliniomba nihakikishe herufi. Nimehakikisha mara tatu, kazi ya ualimu.

Jumapili, 8 Septemba

Sikwenda kanisani. Redio ya jirani inasema wakoloni na wapigania uhuru wametia saini, bunduki zitanyamaza Msumbiji. Nimewakumbuka wale waliosimama ukingoni Newala. Nimefurahi, nikalala kidogo, nikaamka nikafurahi tena.

Bi Somoe amerudi kwake jana. Saidi alimsindikiza mpaka kwenye lori, vijana tayari wanamjua huyu bibi kuliko mimi. Mwezi ujao watapanda Mkunya kujifunza vizuri. Debe ameliacha hapa makusudi. Atalifuata msibani, anasema, na kaburini hataingia, labda achungulie tu. Mama Fidea amelitia maji ya kunywa.

Cheti kimeshushwa. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Mama Fidea anasema hapo hapafutwi vumbi.

Santuri itachukua miezi. Nyimbo saba na sio nane. Huenda nisiisikie. Nimejaribu kusikitika, haikuja.

Jioni nilitaka kukaa nje. Kutoka chumbani mpaka barazani kuna vidato vitatu vya kupanda, na wiki hii nimekuwa nikibebwa. Mama Fidea alikuwa uani. Nikashika ukuta.

Mvumo, hatua, neno.

Mvumo, hatua, neno.

Nikapumzika hapo muda. Upepo ulikuwa mzuri, mikorosho inachanua, harufu inafika mpaka hapa.

Mvumo. Hatua.

Nimekaa barazani.